Basi Linapoyumba: Kuitambua Kasoro Kabla ya Kununua Vipuri

UTANGULIZI

Somo hili ni kwa ajili ya makatibu, wajumbe wa bodi na wanachama wa vyama vyenye basi, au vinavyofikiria kununua basi lililokwisha kutumika. Halikusudii kumgeuza katibu awe fundi wa magari. Kusudi lake ni kumwezesha katibu kumwuliza dereva na fundi maswali yanayofaa, kuyaelewa majibu yao, na kuieleza bodi kwa nini fedha za wanachama zitumike kwa kipuri hiki na si kwa kile.

Mabasi ya zamani yalijengwa juu ya springi za chuma. Mengi yaliyofuata yamejengwa juu ya mifuko ya mpira iliyojazwa upepo, ambayo baadhi ya mafundi huiita maputo. Mtindo huu si mgeni. Huko Marekani kampuni ya General Motors ilianza kuutumia katika mabasi ya safari ndefu mwaka 1953. Jijini Dar es Salaam mabasi marefu ya Ikarus kutoka Hungaria, ambayo watu waliyapa jina la kumbakumba, yalitembea juu ya mifuko ya upepo. Na mabasi ya mwendo wa haraka yaliyoanza kazi mwezi Mei 2016 yana mifuko hiyo pia. Basi la namna hii likiwa zima humbeba abiria kwa upole. Likichakaa, moja ya dalili ambazo dereva huzilalamikia mapema ni kuyumba: bodi hulala kulia, hurudi, hulala kushoto.

Kwa vyama vya Mwandiga na vijiji vya jirani jambo hili lina uzito wa pekee. Mwandiga ni penye njia panda. Upande mmoja barabara yaelekea mjini Kigoma na Ujiji. Upande mwingine yapanda Kalinzi na Manyovu, karibu na mpaka wa Burundi. Wanachama hushuka na kahawa, ndizi na maharage, hurudi na dagaa na chumvi, na wagonjwa wao hupita hapo kwenda Hospitali ya Maweni. Basi linaloyumba kidogo mahali pa tambarare huyumba zaidi likifika kwenye kona za mlimani likiwa limejaa. Kwa hiyo neno la dereva kwamba "gari linacheza" lisichukuliwe kuwa ni lalamiko la mtu aliyechoka.

KAZI NNE ZA VITU VINNE

Springi ya chuma hufanya kazi kadhaa kwa pamoja. Hubeba uzito. Hushika ekseli isiende mbele, nyuma wala pembeni. Na kwa kuwa majani yake husuguana, hupunguza mtikisiko wenyewe kwa wenyewe. Mfuko wa upepo hauwezi hayo yote. Ndiyo sababu waundaji wa mabasi waligawa kazi hizo kwa vitu vinne mbalimbali:

(a) Mfuko wa upepo hubeba uzito, basi. Hauna nguvu ya kushika ekseli pembeni.

(b) Shokamzoba huzuia mtikisiko usijirudie. Gari likipita kwenye tuta, shokamzoba nzima huliacha lishuke na kupanda mara moja kisha hulituliza.

(c) Stabilaiza, yaani fito ya chuma inayounganisha upande wa kulia na wa kushoto wa ekseli, huzuia bodi isilale mno gari likikata kona.

(d) Rodi, pamoja na zile zenye umbo la herufi V, hushika ekseli mahali pake isisogee mbele, nyuma wala ubavuni. Mwisho wa kila rodi una bushi ya mpira.

Katibu akikumbuka jambo moja tu katika somo hili, na alikumbuke hili: mfuko hubeba, hauzuii. Mara nyingi basi linapoyumba, wazo la kwanza ni kununua mifuko mipya, kwa kuwa mifuko ndiyo inayoonekana na ndiyo inayojulikana kwa jina. Mifuko ni ya gharama kubwa kuliko bushi. Chama kikinunua mifuko minne na kasoro ilikuwa kwenye bushi za stabilaiza, fedha zimekwenda na basi linaendelea kuyumba vile vile.

HESABU NDOGO YA UPEPO

Nguvu ya mfuko hupatikana kwa kuzidisha kani ya upepo uliomo kwa eneo ambalo upepo huo unalisukuma. Na ichukuliwe, kwa ajili ya kujifunza, kuwa ekseli ya nyuma ya basi inabeba tani 10, kiasi ambacho ndicho kikomo cha ekseli moja yenye matairi manne katika sheria ya uzito wa magari ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016. Katika uzito huo, tani 1 ni ya ekseli yenyewe na magurudumu yake, ambayo haikalii mifuko. Zinabaki kilo 9,000. Kukiwa na mifuko minne, kila mmoja hubeba kilo 2,250. Ikiwa eneo linalosukumwa ni sentimita za mraba 450, basi upepo unaotakiwa ni kilo 5 kwa kila sentimita ya mraba.

Abiria wakishuka, uzito hupungua, na upepo hauna budi kupungua pia. La sivyo basi litainuka kupita kiasi. Kazi hiyo hufanywa na valvu ya kusawazisha. Valvu hufungwa kwenye chasisi, na kifimbo chake hushikwa na ekseli. Bodi ikishuka, kifimbo huinuka na valvu huingiza upepo. Bodi ikipanda, valvu huutoa. Valvu haifanyi haraka. Imeundwa isijibu kila shimo la barabarani, bali ijibu mabadiliko ya uzito yanayodumu.

Mabasi mengi yenye ekseli mbili huwa na valvu tatu: moja kwa ekseli ya mbele, na mbili kwa ekseli ya nyuma, moja kila upande. Ni kama kigoda cha miguu mitatu, ambacho hukaa sawa hata mahali pasipo sawa. Valvu mbili za nyuma hutenganisha upepo wa kulia na wa kushoto, na utengano huo una kazi kubwa. Basi likikata kona kuelekea kushoto, uzito huegemea kulia. Mifuko ya kulia hubanwa, upepo wake hupata nguvu zaidi na kuisukuma bodi irudi. Lakini ikiwa mifuko ya kulia na ya kushoto imeunganishwa kwa mpira mmoja, upepo hukimbia kutoka upande uliobanwa kwenda upande uliolegea. Bodi hukosa wa kuisukuma, nayo huzidi kulala. Kwenye ekseli ya mbele yenye valvu moja hali huwa hiyo tangu kiwandani, na muundaji alilijua hilo akaweka njia nyingine za kuizuia bodi. Kwenye ekseli ya nyuma iliyoundwa kwa valvu mbili, muungano huo ni kasoro.

KUYUMBA KUNA NAMNA NNE

Neno "kuyumba" hutumika kwa mambo manne yasiyofanana. Kabla ya kugusa spana, dereva, fundi na katibu wakubaliane ni lipi linalozungumzwa.

Namna ya kwanza ni kulala upande. Basi limesimama mahali pa tambarare, nalo limeinama upande mmoja. Sababu hutafutwa kwenye upepo: mfuko unaovuja, valvu mbovu, kifimbo kilichopinda, au mzigo uliowekwa upande mmoja.

Namna ya pili ni kulala kwenye kona. Basi likisimama liko sawa, lakini kila kona bodi hulala mno, kisha hurudi polepole. Sababu hutafutwa kwenye stabilaiza na viungo vyake, kwenye mipira ya upepo iliyounganishwa isivyostahili, na kwenye mzigo ulio juu.

Namna ya tatu ni kubembea. Basi likipita kwenye shimo kwa gurudumu la upande mmoja, bodi huenda kulia na kushoto mara tatu, nne au zaidi kabla ya kutulia. Hapo shokamzoba ndizo za kushukiwa kwanza.

Namna ya nne ni kutikisa mkia. Bodi hailali, bali sehemu ya nyuma husogea pembeni kama kitu kilicholegea, hasa dereva anapoondoa mguu kwenye mafuta au anapofunga breki. Dereva hulazimika kurekebisha usukani hata barabara ikiwa imenyooka. Hapo zitazamwe bushi za rodi, boliti za ekseli na mahali rodi zinaposhikwa kwenye chasisi. Namna hii ndiyo ya hatari kuliko zote, maana ekseli yenyewe haishikwi sawasawa.

Katibu amwulize dereva maswali haya na kuyaandika majibu: Lilianza lini? Lilianza baada ya matengenezo gani? Hutokea basi likiwa tupu, au limejaa, au vyote viwili? Hutokea kwenye kona au hata mahali paliponyooka? Bodi hurudi mara moja au hubembea? Ni upande mmoja au pande zote mbili? Swali la matengenezo lisirukwe kamwe. Katika basi kuukuu kasoro nyingi hazikuletwa na uzee, bali na mkono wa aliyelitengeneza mara ya mwisho.

TAHADHARI KABLA YA KUINGIA CHINI

Basi la mifuko ya upepo lina hatari ambayo basi la springi za chuma halina. Mpira mmoja ukifunguliwa, au mfuko ukipasuka, bodi hushuka kwa ghafla, na nafasi kati ya chasisi na ardhi haimtoshi mtu. Kwa hiyo mtu yeyote, awe fundi, utingo au dereva, asiingie chini ya basi linaloshikiliwa na upepo au na jeki peke yake. Magurudumu yazuiliwe kwa magogo, na chasisi iwekwe juu ya stendi za chuma zilizo imara, juu ya ardhi ngumu. Mawe na matofali hayafai, maana hupasuka bila kutoa ishara. Katibu anayo haki, na ni wajibu wake, kuisimamisha kazi inayofanywa kinyume cha hayo.

HATUA ZA UCHUNGUZI

Uchunguzi huanza na vitu visivyo na gharama na kumalizia na vile vyenye gharama. Hatua moja ikimalizika basi lijaribiwe, ndipo hatua ya pili ianze. Fundi akibadilisha vitu vitano kwa siku moja, hakuna atakayejua ni kipi kilichokuwa na kasoro, na safari nyingine chama kitanunua vyote vitano tena.

1. Mzigo. Lifunguliwe buti na kutazamwa keria, kama ipo. Mzigo ulio juu ya paa huongeza kulala kwa bodi kuliko mzigo huo huo ukiwa chini. Dumu la lita 20 la mawese lina uzito wa kilo 18 hivi, bila dumu lenyewe. Madumu 30 ni zaidi ya nusu tani. Yakiwekwa yote upande wa kulia wa buti, basi huanza safari likiwa na uzito usiolingana. Dumu ambalo halikujaa lina ubaya wa ziada: mafuta huhamia upande wa nje wa kona.

2. Matairi. Kani ya upepo ipimwe kwa geji asubuhi, matairi yakiwa baridi, na ilinganishwe na kitabu cha gari. Kumpiga teke tairi si kumpima. Matairi ya nyuma ni mawili mawili. La ndani huweza kuwa laini kwa miezi bila mtu kuliona, kwa kuwa la nje hulibebea mzigo wake. Bodi hulalia upande huo, na lile la nje hupata joto na kuweza kupasuka.

3. Urefu wa basi kutoka ardhini. Basi liwekwe mahali pa tambarare, injini iwake mpaka matangi ya upepo yajae, kisha injini izimwe. Kwa futi ya fundi seremala ipimwe nafasi kati ya ekseli na chasisi upande wa kulia, halafu wa kushoto, mbele na nyuma; kwa kazi hii sheria ya stendi iliyotajwa juu ishikwe, au kipimo kichukuliwe pembeni pasipo kuingiza kichwa wala mwili chini. Vipimo viandikwe. Vilinganishwe na kitabu, na vya kulia vilinganishwe na vya kushoto. Basi lililoinuliwa kuliko ilivyoagizwa halina raha wala usalama; bodi iko juu mno na huyumba zaidi. Lililo chini mno hukalia vipingamizi vya mpira, nalo hurushwa kwa ghafla.

4. Uvujaji. Vipimo vile vile virudiwe kesho yake asubuhi kabla ya injini kuwashwa. Upande ulioshuka kuliko mwenzake ndio wa kupakwa maji ya sabuni: kwenye mfuko, kwenye mikunjo yake, kwenye viungo vya mipira na kwenye valvu. Mapovu yataonyesha mahali. Ieleweke kuwa upepo wa mifuko na upepo wa breki hutoka kwenye kompresa moja. Ipo valvu inayolinda upepo wa breki, lakini kompresa isiyopata mapumziko hupata joto na kupitisha oili kwenye mipira. Matangi yafunguliwe maji kila siku, hasa majira ya mvua.

5. Valvu na mipira. Fundi aufuate kwa kidole kila mpira kutoka kwenye mfuko hadi kwenye valvu yake. Hapa ndipo panapogunduliwa matengenezo ya njiani. Valvu moja ya nyuma ilipoharibika, mtu aliifunga, akaunganisha pande zote mbili kwa kiungo cha umbo la herufi T, basi likainuka, safari ikaendelea. Kwa siku moja ya kurudi nyumbani polepole na bila abiria, pengine ilikuwa hapana budi. Kwa miezi sita ni hatari. Basi la namna hiyo husimama sawa kabisa uani, na kila atakayelipima kwa macho atasema ni zima. Huyumba likiwa kwenye kona tu.

6. Shokamzoba. Zitazamwe kama zinavuja oili, kama zimepinda, na kama bushi zake zimeliwa. Kusukuma bodi kwa mikono, kama ifanywavyo kwa gari dogo, hakusaidii kitu kwa basi. Kipimo kilicho rahisi ni joto: baada ya kilomita 20 hivi kwenye barabara mbovu, basi lisimamishwe na kila shokamzoba iguswe kwa nyuma ya kiganja, kwa uangalifu. Iliyofanya kazi huwa na joto. Iliyo baridi kama chasisi haikufanya kazi. Kubadilisha kufanywe kwa pea, kulia na kushoto pamoja.

7. Stabilaiza. Mtaimbo utiwe kati ya fito na mahali inaposhikwa, usukumwe kidogo. Mpira ulioliwa huonekana ukicheza. Chuma kinachong'aa, au vumbi jekundu la kutu pembeni ya boliti, ni ushahidi kuwa vitu viwili vinasuguana. Viungo vya pembeni vitazamwe vyote viwili. Kimoja kikikatika, stabilaiza nzima haina kazi hata ikionekana iko mahali pake.

8. Rodi na chasisi. Mtaimbo utumike vile vile kwenye bushi za rodi na kwenye kiungo cha rodi yenye umbo la V. Kisha mafundi wakiwa pembeni, si chini, dereva aliyezoea alisogeze basi mbele na nyuma kwa kiasi cha unyayo huku akifunga breki. Ekseli ikionekana kwenda upande wake na chasisi upande wake, bushi zimekwisha. Mahali rodi zilipofungwa patafutwe nyufa na kutu. Basi lililopigwa welding mara nyingi mahali hapo lapasa kukaguliwa na fundi mwenye sifa kabla ya kutumika tena.

9. Usukani na magurudumu ya mbele. Kulegea kwa usukani, pini za mbele, beringi na vichwa vya fito za usukani huleta kutangatanga barabarani, jambo ambalo abiria huliita kuyumba. Hatua hii ni ya kila matengenezo, nayo haihitaji maelezo marefu hapa.

MFANO WA KUJIFUNZIA

Na ichukuliwe kuwa chama kimoja kina basi kuukuu linalokwenda Manyovu siku za soko. Dereva ameripoti kuwa basi linalala mno kwenye kona likiwa limejaa, pande zote mbili, na kwamba hali hiyo ilizidi tangu liliporudi gereji wiki sita zilizopita. Likiwa limesimama liko sawa. Pendekezo lililoletwa kwenye bodi ni kununua mifuko minne ya nyuma.

Katibu aliyesoma majibu ya dereva kwa makini ana mashaka tayari. Basi halilali likisimama. Kwa hiyo mifuko inabeba. Halibembei, kwa hiyo shokamzoba si za kwanza kushukiwa. Mkia hautikisiki. Hii ni namna ya pili, nayo yaelekeza kwenye mzigo, stabilaiza na mipira.

Uchunguzi unafanywa. Mzigo umepangwa vyema. Tairi moja la ndani ni laini. Linajazwa, basi linajaribiwa, nalo limepata nafuu ndogo tu. Vipimo vya urefu ni sawa, jioni na asubuhi. Mpira unafuatwa kwa kidole na kiungo cha T kinaonekana: valvu ya kulia imefungwa na pande mbili zimeunganishwa. Valvu mpya inafungwa, mipira inatenganishwa, na basi linajaribiwa. Limepona kwa sehemu kubwa. Kwenye hatua ya 7 kiungo kimoja cha stabilaiza kinaonekana kimeliwa bushi. Zinabadilishwa bushi za pande zote mbili. Basi linajaribiwa tena, nalo liko sawa.

Chama kimenunua valvu moja na bushi chache. Mifuko minne haikuhitajika. Lakini faida kubwa kuliko fedha ni hii: kama mifuko mipya ingefungwa, kiungo cha T kingebaki kilipo, na bodi ya chama ingeliruhusu basi lishuke mlima wa Manyovu ikiamini kuwa limekwisha kutengenezwa.

Jaribio la barabarani lifanywe bila abiria. Kwanza basi liwe tupu, mahali palipo tambarare, kwa mwendo mdogo. Kisha liwe na magunia ya mchanga badala ya watu. Barabara ya mlimani iwe ya mwisho.

LINI BASI LISIMAMISHWE

Yapo matatizo yanayoweza kungoja mwisho wa wiki, kama vile uvujaji mdogo unaoonekana asubuhi tu. Lakini basi lisimamishwe siku ile ile, hata kama ni siku ya soko na abiria wamekwisha kata tiketi, likiwa na mojawapo ya haya: mfuko ambao nyuzi zake za ndani zinaonekana, stabilaiza au kiungo chake kilichokatika, rodi inayocheza mpaka ekseli kusogea, ufa kwenye chasisi mahali rodi inaposhikwa, au upepo wa breki unaoshuka basi likiwa limesimama. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 inakataza kulitumia barabarani gari lenye ubovu unaohatarisha watu, na pato la siku moja si utetezi.

Uamuzi huu ni mgumu kwa katibu, kwa kuwa wanaodai safari ni wanachama wenyewe. Ndiyo maana yafaa bodi iupitishe mapema kama azimio na kuuandika kwenye muhtasari, ili siku ikifika dereva na katibu wasisimame peke yao mbele ya abiria wenye hasira.

DAFTARI LA BASI

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Kila basi la chama liwe na daftari lake lenye safu hizi: tarehe, kilomita, lalamiko la dereva kwa maneno yake, namna ya kuyumba (ya 1, 2, 3 au 4), vipimo vilivyochukuliwa, kasoro iliyoonekana, kipuri kilichofungwa na namba ya stakabadhi, matokeo ya jaribio, sahihi ya fundi na ya dereva. Kipuri cha zamani kirudishwe ofisini na kuwekwa stoo mpaka bodi itakapokiona. Matengenezo yoyote ya njiani yaandikwe siku ile ile, pamoja na tarehe ambayo yatarekebishwa. Laiti kiungo cha T katika mfano wa juu kingaliandikwa, kisingalihitaji kutafutwa.

Daftari hili litamsaidia mkaguzi wa hesabu kuona kuwa fedha zilitumika kwa haki, nayo bodi itapata njia ya kuamua kwa ushahidi lini basi limefikia mahali ambapo kulitengeneza ni hasara kuliko kuliuza.

MASWALI YA KUJADILIWA KATIKA MIKUTANO YA WANACHAMA

1. Eleza tofauti kati ya kazi ya mfuko wa upepo, shokamzoba, stabilaiza na rodi.

2. Basi limesimama sawa jioni, na asubuhi limeinama kushoto. Ni namna gani ya kuyumba, na uchunguzi uanzie wapi?

3. Basi hutikisa mkia dereva anapofunga breki. Je, liruhusiwe kwenda Manyovu ili litengenezwe likirudi? Toa sababu.

4. Kwa nini ni vibaya kubadilisha vipuri vingi kwa siku moja bila kujaribu baada ya kila kimoja?

5. Chama chenu kina azimio linalompa katibu au dereva mamlaka ya kulisimamisha basi? Kama hakina, nani ataliandika na lini litaletwa mbele ya bodi?